Nimepata nafasi ya uzamili wa biashara ya Asia, lakini mafunzo ya nje hayana uhakika. Nilipe?

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 28 na shahada ya kwanza ya biashara. Kwa miaka minne nimekuwa idara ya ununuzi katika kampuni inayoagiza mashine ndogo za viwandani na vipuri vyake. Wauzaji wetu wengi wako China, mikoa ya Guangdong na Zhejiang, na wachache wako Japani na Korea Kusini. Karibu kila siku naongea nao kwa WeChat nikisaidiwa na programu ya kutafsiri. Bei nazijua, usafirishaji naujua, nyaraka za forodha nazijua. Wanaonishinda ni watu wenyewe. Muuzaji mmoja anakaa kimya wiki nzima halafu anarudi na jibu lililokamilika hadi tarehe ya meli. Mwingine anajibu kila dakika, kisha siku ya kuthibitisha oda anapotea. Bosi wangu husema ndivyo walivyo, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi jibu hilo halinitoshi.

Niliomba chuo kikuu kimoja cha Ulaya kinachotoa shahada ya uzamili ya biashara ya Asia, na nimedahiliwa. Masomo ni mwaka mmoja darasani, kisha miezi sita ya mafunzo kwa vitendo katika kampuni iliyoko China, Japani, Korea Kusini au Singapore. Hiyo miezi sita ndiyo iliyonivuta. Kijitabu cha chuo kimejaa picha za wanafunzi wakiwa ofisini Shanghai na Tokyo. Lakini niliporudia kuisoma barua ya udahili nilikuta sentensi isemayo nafasi ya mafunzo "itategemea upatikanaji", na kwamba asiyepata ataandika tasnifu ndefu badala yake. Nilimpigia wakala aliyenisaidia kuomba. Akasema hiyo ni lugha ya wanasheria, nisiogope, nilipe malipo ya awali upesi kabla nafasi haijaenda kwa mwingine. Malipo hayo hayarudishwi, na siku ya mwisho ni mwisho wa mwezi huu.

Mjomba yuko tayari kunikopesha. Ni pesa aliyoiweka kwa ajili ya kustaafu kwake. Mama anaona nisome MBA ya kawaida, uzamili wa usimamizi wa biashara ambao kila mwajiri anauelewa. Rafiki yangu anayenunua mzigo kwenye soko la jumla la Yiwu, China, anasema mwaka mmoja sokoni utanifundisha kuliko shahada yoyote. Na mimi kwa Kichina najua salamu na namba tu.

Naomba uniambie: nilipe au niache? Bila lugha naweza kweli kupata nafasi ya maana kwenye kampuni ya huko? Na kama ni kuchagua, nichague nchi ipi?

Mnunuzi aliye njia panda

*

Marahaba, binti yangu.

Usilipe mwezi huu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu tarehe yako iko karibu. Mengine yote yafuatayo ni ya kukusaidia ufike Asia, maana barua yako inaonyesha unajua unachokitafuta, na wengi wanaoomba shahada hii hawajui.

Wakala wako amekosea, na kosa lake lingekugharimu akiba ya mjomba. Sentensi ile aliyoiita lugha ya wanasheria ndiyo ahadi pekee ambayo chuo kimekupa kwa maandishi, na inachoahidi ni tasnifu. Kumbuka pia kwamba mawakala wengi hulipwa kamisheni na chuo pale mwanafunzi anapojisajili. Hilo halimfanyi awe mwizi, lakini haraka aliyonayo ni yake, isiwe yako.

Vyuo hutumia maneno yaleyale, mafunzo nje ya nchi, kwa mipango mitatu iliyo mbali sana. Kuna chuo chenye makubaliano na kampuni zinazojulikana, ambazo kila mwaka hupokea wanafunzi wake. Kuna chuo chenye ofisi ya ajira inayokusaidia kuandika wasifu wako na kukupa orodha ya kampuni zilizowahi kupokea mtu, kisha unahangaika mwenyewe. Na kuna chuo kinachokuambia utafute, ukipata kitakukubalia. Ukiwa na sentensi kama ile yako, mara nyingi uko kwenye mpango wa pili au wa tatu. Mipango hiyo nayo ina faida kwa mtu fulani: yule ambaye tayari anaongea lugha ya nchi anayokwenda, au ana pasipoti isiyosumbuliwa na viza. Picha za Shanghai kwenye kijitabu huenda ni za kweli kabisa. Swali ni wale waliopigwa picha walifikaje pale.

Kwa hiyo waandikie ofisi ya mafunzo ya chuo, usipitie kwa wakala, na uulize wazi: "Mwaka uliopita wa masomo, kati ya wanafunzi waliotaka mafunzo Asia, wangapi waliyapata? Wangapi kati yao hawakujua lugha ya nchi waliyokwenda? Kampuni hizo zina makubaliano na chuo au wanafunzi walijitafutia? Walikwenda kwa viza ya aina gani, na nani aliwaandikia barua kwa ubalozi? Walilipwa, na kama hawakulipwa, nani aligharamia malazi?" Omba pia wakuunganishe na wahitimu wawili ambao pasipoti zao ni kama yako. Chuo chenye mpango wa kweli hujibu maswali haya kwa siku chache, kwa sababu majibu yako kwenye jedwali mezani kwao. Chuo kinachokurudishia tena kile kijitabu kimekwisha kujibu.

Katika barua hiyohiyo omba kuahirisha udahili wako kwa mwaka mmoja. Vyuo vingi huruhusu, hasa ukieleza kwamba unataka mwaka huo kujifunza lugha.

Swali la viza linahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa ndipo mipango mingi mizuri inapovunjika na karibu hakuna anayeliuliza mapema. Wewe utakuwa mwanafunzi wa Ulaya, hutakuwa mwanafunzi wa China wala wa Japani, na sheria za nchi hizo hazikuoni kama zinavyomwona mwanafunzi wa kwao. China, aliyesajiliwa chuo cha huko kwa zaidi ya siku 180 huingia kwa viza ya wanafunzi iitwayo X1, hubadilisha kuwa kibali cha ukaazi ndani ya siku 30, na akitaka mafunzo nje ya chuo hupata ridhaa ya chuo chake na maelezo huandikwa kwenye kibali hicho. Njia hiyo wewe hutakuwa nayo. Kampuni italazimika kukuombea kibali kingine, na kampuni ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo. Ndipo unaposikia mtu akiambiwa aje tu na viza ya matembezi au ya biashara, mengine yatajulikana huko. Kataa, hata kama ofa ni nzuri. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inamtoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Rekodi hiyo itakufuata katika kazi ambayo mtaji wake ni kuaminiwa na kuvuka mipaka.

Japani wana utaratibu maalumu kwa wanafunzi wa vyuo vya nje wanaokuja kwa mafunzo yenye malipo, na masharti yake ni kwamba mafunzo yawe sehemu ya masomo na kuwe na makubaliano kati ya chuo na kampuni. Maana yake, hata ukijitafutia nafasi Osaka kwa jasho lako, chuo kisipokubali kusaini hufiki. Singapore wana kibali cha mafunzo kazini, lakini hakizidi miezi mitatu, na programu yako inataka sita. Muulize mratibu jinsi wanavyopanga hilo. Nina hakika utajifunza mengi juu ya chuo kwa namna atakavyojibu.

Sasa lugha. Taasisi ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia, Foreign Service Institute, inakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 2,200 za darasani ili afanye kazi kwa Kichina, Kijapani au Kikorea. Wewe si mwanadiplomasia, na hukitaki Kichina cha kusoma mikataba ya kimataifa. Lakini piga hesabu: programu yenye saa nne za lugha kwa wiki, kwa wiki 30 za masomo, inakupa saa 120. Ukienda hivyo utapokelewa, utapewa meza, utapewa kazi ya kurekebisha Kiingereza cha tovuti yao, na mkutano wa kiwanda utafanyika mlango wa pili bila wewe. Nimewaona vijana wenye akili nyingi wakirudi na barua nzuri ya kampuni na hawawezi kueleza kampuni ile hupataje faida. Inaniuma kila mara, kwa sababu walilipa sawa na waliojifunza.

Kwa hiyo anza leo, ukiwa kazini. Kwa Kichina lenga kiwango cha nne cha HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ambacho kwa mfumo uliozoeleka ni kama maneno 1,200. Kwa kiwango hicho hutajadili sheria, ila utaelewa fundi akikuonyesha mashine na kukuambia sehemu gani inakwama. Na wewe una kitu ambacho mwanafunzi wa kawaida hana: wauzaji wanaokuandikia kila siku. Zima ile programu ya kutafsiri kwa ujumbe wa kwanza wa kila asubuhi na ujaribu mwenyewe kwanza. Kijapani kina mtihani wa JLPT, wenye madaraja kuanzia N5 hadi N1, unaofanyika Julai na Desemba. Kampuni nyingi za Japani hutaka angalau N2. Ila ujue mtihani huo haupimi kuongea hata kidogo, kwa hiyo cheti kisikudanganye. Kikorea kina mwandiko mwepesi wa herufi 24 za msingi unaoweza kuusoma baada ya siku chache, halafu sarufi inakusubiri kwa subira zote.

Umeniuliza nchi ipi. Kwako ni China, kwa sababu wauzaji wako wako huko na miaka yako minne iko huko. Mtu anayesema anasomea Asia anakuwa na shida ileile ya anayesema anafanya biashara na dunia. Kampuni ya Japani, ya Korea na ya China zinafanya uamuzi kwa njia tofauti, na hapa ndipo ninapoweza kugusa lile fumbo lako la ukimya. Katika kampuni nyingi za Japani pendekezo huzungushwa idara kwa idara, kila mkuu anaweka muhuri wake kabla uamuzi haujatoka. Kwa hiyo kimya kinakuwa kirefu, lakini jibu likija limeshakubaliwa na ghala, fedha na usafirishaji. Naamini yule anayekurudia na tarehe ya meli ni wa Japani. Kiwanda kidogo cha Guangdong kina mwenye mali mmoja anayeamua kwa simu, ndiyo maana majibu ni ya dakika. Anapopotea siku ya kuthibitisha, mara nyingi malighafi imepanda au mteja mwenye oda kubwa ameingia, na anaona aibu kukuambia. Korea kuna makundi makubwa ya familia, Samsung, Hyundai, LG, na muuzaji wako mdogo huenda anaishi kwa kuwauzia hao, wewe ukiwa mteja wa ziada.

Rafiki yako wa Yiwu ana hoja nzito na usimpuuze. Soko linafundisha bei, ubora na uso wa mtu. Kinachokosekana sokoni ni sababu zilizo mbali. Thailand ilipoiachia sarafu yake, baht, ishuke tarehe 2 Julai 1997, haikuonekana kuwahusu wanunuzi wa bidhaa za Korea. Kufikia Novemba Korea ilikuwa inaomba msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1999 kundi la kampuni za Daewoo la Korea likaanguka, kwa sehemu kwa sababu kampuni za kundi moja zilikuwa zimedhaminiana madeni. Aliyekuwa ananunua kutoka kampuni moja nzuri ya kundi hilo hakuweza kuona hilo kwa kuangalia bei. Au chukua RCEP, mkataba wa biashara wa nchi 15 za Asia na Pasifiki, ulioanza kutumika Januari 2022 na kuziweka China, Japani na Korea Kusini kwa mara ya kwanza ndani ya mkataba mmoja wa biashara huria. Chini yake, kipuri cha China kinachofungwa kwenye mashine Vietnam kinaweza kuhesabiwa katika kuthibitisha asili ya mashine hiyo, ili ipate nafuu ya ushuru inapouzwa kwa mwanachama mwingine. Ndiyo maana wauzaji wako wengine watakuambia wamefungua kiwanda cha pili kusini, nchi kama Vietnam. Hayo darasa zuri hufundisha. Angalia orodha ya masomo ya chuo chako: kama imejaa "utamaduni wa mawasiliano" na haina minyororo ya ugavi, fedha za kampuni wala sheria ya mikataba, ada hiyo ni kubwa mno.

Ila jambo moja la rafiki yako lifanye hata kabla ya shahada. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou, maarufu kama Canton Fair, yamekuwepo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Mwombe bosi akutume kama mnunuzi wa kampuni, kisha upange siku kadhaa za kutembelea viwanda vya wauzaji wenu watatu. Utarudi ukijua kama kweli unataka kuishi huko.

Kuna njia nyingine za kwenda ambazo barua yako haikuzitaja, nami ningezijaribu kabla ya pesa ya mjomba. Serikali ya Japani ilitangaza mpango wa ABE Initiative kwenye TICAD, mkutano wa maendeleo ya Afrika, uliofanyika Yokohama mwaka 2013, kwa ajili ya vijana wa Afrika. Unasoma uzamili katika vyuo vya Japani, kwa kawaida kwa Kiingereza, na mafunzo katika kampuni za Japani yamo ndani ya mpango wenyewe. Unasimamiwa na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, na waombaji kutoka sekta binafsi, kama wewe, wamo kati ya walengwa wake. Korea wana ufadhili wa serikali uitwao GKS: mwaka mzima wa lugha kwanza, na lazima ufikie daraja la tatu la TOPIK, mtihani wa Kikorea, ndipo uingie kwenye uzamili. Nauheshimu mpango unaokuzuia kuendelea hadi uweze kuongea. China nao wana ufadhili wa serikali, na kwa kuwa utakuwa mwanafunzi wa chuo cha huko, ile njia ya X1 niliyoieleza itakufungukia. Ukisoma Guangzhou au Hangzhou, miji mikuu ya Guangdong na Zhejiang, wauzaji wako watakuwa safari ya treni tu.

Mama anastahili jibu zuri. MBA ya jumla inafaa mtu ambaye hajui bado atafanya nini, au anayetaka kuhama fani. Wewe una fani na una mwelekeo. Mwonyeshe barua za wauzaji, mwambie kazi unayoilenga ni mkuu wa ununuzi anayeweza kukaa kiwandani na kuelewana na mwenye kiwanda, na umweleze kwamba hujalipa. Nadhani hilo la mwisho ndilo atakalolisikia kwanza.

Ukija kupata nafasi, popote itakapokuwa, omba uwekwe kwenye ununuzi au ukaguzi wa ubora, usikubali idara ya masoko ya nje kwa sababu tu ndiko wanakoongea Kiingereza. Mafunzo ya miezi sita kwenye ukaguzi wa ubora Dongguan, mji wa viwanda wa Guangdong, yatakufundisha kwa nini mzigo hukataliwa, nani ana mamlaka ya kuukataa, na mwenye kiwanda humwambia nini mnunuzi baada ya hapo.

Mjomba mwambie pesa ibaki ilipo hadi chuo kijibu. Kikikuandikia majina ya kampuni, aina ya viza na idadi ya waliopata nafasi mwaka uliopita, nawe ukawa umefika HSK ya nne, rudi kwake na karatasi hizo mkononi mkae mpange marejesho mwezi kwa mwezi, kwa maandishi. Kisipojibu, tuma maombi ya ufadhili msimu ujao na uendelee na lugha. Barua ya kuahirisha iandike leo usiku.